Tokyo mpaka Sapporo, bia kwa bia

Jumatano, Tokyo

Nimetua Haneda jioni, mwisho wa Julai, na joto la huku si la kuhadithiwa, ukitoka tu nje shati linaganda mgongoni. Mwenyeji wangu ni kaka mmoja wa Moshi ambaye kafanya kazi huku miaka na miaka, na hakunipeleka kulala, kanipeleka konbini moja kwa moja. Konbini ni kaduka kanakokesha, 7-Eleven, Lawson, FamilyMart, yapo kila kona, na kule nyuma kuna friji limeshika ukuta mzima, makopo mwanzo mwisho.

"Chagua dogo, ya leo juu yangu."

Sasa nachagua nini na mi sisomi hata herufi moja, nikabaki naangalia bei. Makopo mawili yamefanana kila kitu, mililita 350, rangi ya dhahabu, picha ya povu, moja yeni 230 na kitu, jirani yake 180 na kitu. Nikashika la bei chee, kaka akacheka, akasema hilo sio bia. Sio bia vipi na limeandikwa asilimia tano na lina povu?

Kumbe huku kodi inafuata kimea. Kinywaji kikiwa na kimea cha kutosha (tangu 2018 ni nusu ya malighafi kwenda juu, zamani ilikuwa asilimia 67) ndo kinahesabika bia na kinapigwa kodi ya bia. Kikiwa chini ya hapo kinaitwa happoshu na kodi inashuka. Basi mwaka 1994 kampuni ya Suntory wakatoa kinywaji chenye kimea asilimia 65, yaani wamesimama hatua moja tu nje ya mstari, na watu wakakinunua kinoma. Wenzao wakafuata, serikali ikapandisha kodi ya happoshu, viwanda vikahama tena vikaja na kitu kisicho na kimea kabisa, kampuni ya Sapporo walitoa Draft One ambayo ilitumia protini ya njegere. Njegere jamani. Hiyo familia ndo wanaiita bia ya tatu, na mpaka 2020 kopo lake lilibeba kodi ya yeni 28 wakati bia halisi ilibeba 77, kwahiyo baba mwenye mkopo wa nyumba na watoto wawili shule anakunywa nini jioni, jibu unalo. Sa hivi serikali inazisogeza zikutane, Oktoba 2023 bia ikashushwa hadi 63.35, zile nyingine zote zikawa 46.99, na Oktoba 2026 ndo imepangwa zote ziwe sawa 54.25. Miaka thelathini ya wanakemia wa bia kupigana mieleka na watu wa kodi, na mimi nimekuja kuikuta yote imepangwa kwenye friji moja.

Tulichukua ya kweli na ya bei chee tupime. Ya bei chee kwa joto lile inapita vizuri tu, ila ukifika nusu kopo unaona hamna kitu nyuma yake, inakata mdomoni ghafla na inaacha kautamu ambako sikukaelewa.

Kaunta skrini inakuuliza kama umefika miaka 20, unabonyeza ndiyo, basi. Utu uzima huku walishausogeza kuwa miaka 18 tangu 2022 lakini pombe wakaiacha palepale kwenye 20. Tukakaa kwenye benchi pembeni ya mto tukanywa hadharani, kwa sheria za huku haina shida, isipokuwa maeneo kama kuzunguka stesheni ya Shibuya ambako tangu Oktoba 2024 wamepiga marufuku kunywa mtaani kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, watalii na makopo yao waliwachosha.

Kopo la mwisho kaka aliniambia nifungue taratibu. Ni la Asahi Super Dry, lilitoka 2021, na mfuniko wake hautoboki katundu, unang'oka WOTE, kopo linabaki wazi mdomo mzima. Ukishang'oa unakaa sekunde kadhaa halafu povu linaanza kupanda lenyewe kutoka kwenye kuta za ndani, maana wamezipaka kitu chenye vishimo vidogo vidogo visivyoonekana ndo vinazalisha mapovu, linakuja linajaa mpaka ukingoni linaanza kumwagika kwenye vidole. Nilicheka peke yangu. Watu wameumiza kichwa miaka ili mtu aliyekaa benchi la mtoni apate povu la baa.

Alhamisi, Tokyo

Leo ndo izakaya, baa yao ya kunywa na kula, na leo ntaandika sana.

Kaka kaniunga na wenzake wa ofisini, watu sita, mmoja ni bosi wao mzee wa makamo mwenye nywele nyeupe. Unaingia mnapigiwa kelele ya kukaribishwa na jikoni nzima, unavua viatu, unakaa kwenye jamvi la majani, unaletewa kitaulo cha kufuta mikono kimekunjwa vizuri, cha baridi kwasababu ni kiangazi. Alafu kabla hujaagiza chochote kinakuja kabakuli kadogo, kwetu kalikuwa na majani ya kijani yamechemshwa na ufuta juu. Kale hujakaomba ila unakalipia, kanaitwa otoshi, yeni 300 mpaka 500 kila kichwa, ni kama kiingilio. Wageni wengi wanagombana na hawa watu kwa ajili ya kabakuli hako. Mi naona ni sawa tu, kwanza kalikuwa katamu.

Kuagiza raundi ya kwanza hamna mjadala. Mtu anasema toriaezu nama, yaani kwa kuanzia leta bia ya bomba, na meza nzima inafuata hata yule ambaye moyo wake upo kwenye sake au whisky. Sababu ni ya kawaida tu, hamna anayeruhusiwa kugusa glasi mpaka wote wawe nayo mkononi, na bia ndo inakuja haraka kuliko kitu kingine chochote. Bosi akasema maneno mawili matatu, kanpai, glasi zikagongana, na nikaona vijana wote wanashusha glasi zao chini ya ile ya mzee wakati wa kugonga, na mmoja alishuka sana mpaka akaninamisha na mimi.

Bomba likapita, wakahamia kwenye chupa. Na hapa ndo nimeielewa Japani kidogo. Chupa kubwa ya huku ni mililita 633, namba ya ajabu imetokana na vipimo vyao vya zamani vya ujazo, na inaletwa na vijiglasi vidogo ambavyo ukivuta mara mbili vimeisha. Nikajiuliza kwanini wasilete glasi ya maana. Jibu ni kwamba hutakiwi kujimiminia. Glasi yako ni kazi ya jirani yako na ya kwake ni kazi yako, kwahiyo glasi ikiwa ndogo macho yako hayatoki kwa mwenzio usiku kucha. Dada aliyekaa kulia kwangu, mdogo kuliko wote, alikuwa anaongea na upande ule kabisa wa meza na bado glasi ya bosi haikuwahi kukauka, anashika chupa mikono miwili, ya kulia juu ya ya kushoto chini, nembo imeangalia juu, anainamisha polepole, mwishoni anaongeza mwendo kidogo ili povu lipande, sehemu saba bia sehemu tatu povu. Na anayemiminiwa hakai tu, anainua glasi kwa mikono miwili. Hutaki tena? Acha glasi imejaa, hamna atakayekugusa, hamna maneno.

Mi nimekulia sehemu ambapo kata ya mbege inaanzia kwa mzee, kwahiyo mambo ya nani anamhudumia nani hayakunishangaza, kilichonishangaza ni kwamba kwenye saa mbili zile yule bosi naye alishika chupa akammiminia yule dada, na akanimiminia na mimi, na nilipotaka kujiwekea mwenyewe kijana wa mbele yangu aliidaka chupa hewani.

Vya kula ni edamame (soya changa za kuchemsha na maganda yake, chumvi juu, unazifyonza), kuku wa kukaanga wa karaage, mishikaki ya yakitori ya ngozi na ya firigisi, kabichi mbichi na chumvi. Watatu kati yao walikuwa wekundu usoni mpaka masikioni baada ya glasi moja, Wajapani wengi miili yao inakosa kimeng'enya cha kumalizia kuvunja pombe kwahiyo damu inapanda juu, na wawili wakahamia chai ya oolong bila mtu yeyote kuwatania. Hapo niliwapenda. Kwetu ukiomba soda saa tatu usiku utajieleza mpaka asubuhi. Na wasiotumia kabisa wanajaliwa, bia isiyo na kileo hata chembe ipo kila mahali, kampuni ya Kirin ndo walianza na ile ya asilimia 0.00 mwaka 2009.

Bili ikagawanywa kwa vichwa, bosi akaongeza zaidi yake kimyakimya. Hamna ofa za raundi kwa raundi za kutiana umaskini. Alafu nje mlangoni nikadhani tumeagana, kumbe ndo wanapanga sehemu ya pili.

Ijumaa, Tokyo

Asubuhi ni supu ya miso (soya iliyochachushwa) yenye kome wadogo wa shijimi, huku ndo wanazimulia. Sina la kuongeza mpaka saa nane mchana.

Jioni Asakusa. Ng'ambo ya mto kuna makao makuu ya Asahi, jengo limetengenezwa lifanane na glasi ya bia na povu lake juu, na pembeni yake jengo jeusi limebeba kitu cha dhahabu kikubwa ajabu, kazi ya Philippe Starck ya 1989, eti ni mwali wa moto. Wenyeji wanakiita kinyesi cha dhahabu, na ukishaambiwa hivyo huwezi kuona moto tena.

Upande huu wa mto kuna mtaa wa vibanda vya pombe, viti viko barabarani kabisa, na kinachonywewa sana ni Hoppy. Hii ilizaliwa 1948, vita imeisha juzi, bia ni ya wenye nacho, jamaa wakatengeneza kinywaji chenye ladha ya bia na kileo asilimia 0.8 tu ili watu waichanganye na shochu, ile kali yao. Unaletewa glasi yenye shochu na chupa ya Hoppy pembeni, unachanganya mwenyewe, shochu ikiisha unaita naka, unaongezewa kali tu, Hoppy iliyobaki unaendelea nayo. Chupa moja inakula naka mbili tatu, na kila naka inazidi kuwa kali maana kile cha kupunguzia kinaisha. Mzee wa meza ya jirani alinionya kwa ishara ya vidole. Alikuwa na haki ya kuonya. Yeye mwenyewe aliikataa ya barafu, anataka vitu vitatu viwe vya baridi, glasi, shochu na Hoppy, barafu hapana inaharibu.

Ishu ya treni ya mwisho nayo ni somo. Kuelekea saa sita usiku mji mzima unaangalia saa, mtu yuko katikati ya stori anasimama anakimbia, mikoba inapepea. Kaka alikuwa na baiskeli yake stesheni akaiacha hapohapo tukatembea kwa miguu, maana tangu Novemba 2024 ukikamatwa unaendesha baiskeli na kileo mwilini ni mpaka miaka mitatu jela au faini ya mpaka yeni laki tano. Baiskeli! Na kwenye gari hata aliyekupa pombe akijua unaendesha naye anashtakiwa, na uliyempakia pia.

Jumamosi, Ginza na Ebisu, Tokyo

Mchana Ginza, ukumbi wa bia wa Lion, uliojengwa 1934, ndo mkongwe kuliko kumbi zote za bia zilizobaki Japani. Ndani dari juu sana, nguzo za kijani, na ukuta wa mbele wote ni picha ya vipande vya vioo, wanawake wanavuna shayiri. Nilikaa kaunta makusudi nimuangalie fundi wa bomba. Hafanyi yale ya kujaza, kusubiri, kukwangua povu, kuongeza. Anafungua bomba lote mara moja, glasi imelala, bia inazunguka ndani ya glasi kwa kasi, anainyoosha, anafunga, na povu linasimama juu ya ukingo bila kumwagika. Mara moja tu. Gesi ya ziada inatoka kwenye kule kuzunguka ndo maana hainijazi tumbo. Nikanywa mbili nikihakikisha.

Kutoka hapo Ebisu. Wengi wanadhani bia ya Yebisu imeitwa jina la mtaa, ni kinyume chake, bia ilianza 1890, stesheni ikajengwa kwa ajili ya kusafirisha bia, na mtaa ukachukua jina la bia. Kiwanda kilihama 1988, pakajengwa maduka na ofisi, ila 2024 wamerudisha kiwanda kidogo palepale. Pazuri, pamepangika, bei imepangika pia.

Usiku tukaingia kwenye nomihodai ya baa moja yenye matawi mengi, jina naliacha. Unalipa hela moja unakunywa utakavyo dakika 120, oda ya mwisho nusu saa kabla. Kwenye karatasi ni pepo. Kilichokuja kwenye glasi niliijua ladha yake kutoka benchi la Jumatano, ile isiyo bia, na mhudumu ukimwita anakuja baada ya dakika kumi na tano kwa glasi moja, na watu wote mezani wanakunywa huku wanaangalia simu saa ngapi. Sirudi. Ile chupa ya 633 na kijiglasi vinaishinda mbali.

Jumapili, Yokohama

Bia ya biashara ya Japani ilianzia hapa, Mmarekani mzaliwa wa Norway, William Copeland, alifungua kiwanda chake mlimani Yamate mwaka 1870. Kilifilisika, kwenye uwanja uleule ikaja kampuni nyingine 1885, ndo iliyotoa bia ya Kirin 1888. Kiwanda cha sasa cha Kirin kipo Namamugi, ziara ni yeni 500, unaonjeshwa maji ya kimea ya mkamuo wa kwanza na wa pili, kwenye vikombe vidogo viwili, na tofauti unaipata hata kama ulimi wako umechoka, wa kwanza mtamu umeshiba, wa pili umepauka na una ukakasi. Bia ya Ichiban Shibori inatumia ule wa kwanza tu.

Jioni bia za viwanda vidogo, nimerudi Tokyo, Ryogoku kwenye mtaa wa wacheza sumo. Mpaka 1994 sheria ilikuwa huwezi kupata leseni ya bia kama huzalishi kilolita 2,000 kwa mwaka, wakaishusha mpaka 60, ndo wakazaliwa hawa kina Echigo wa Niigata, Hitachino Nest wa Ibaraki, Minoh wa Osaka. Nzuri, zina harufu ya machungwa na maua, glasi inauma mfuko. Na zinanyweka kila mtu na yake, hamna wa kumwangalia jirani.

Jumanne, Sapporo

Jumatatu ilikuwa kufua nguo. Leo ndege mpaka kisiwa cha Hokkaido, na hewa ya huku jamani, mtu unapumua.

Jumba la makumbusho ya bia ni la matofali mekundu, lilijengwa 1890 kuwa kiwanda cha sukari. Bia yenyewe ni ya 1876, serikali ilikuwa inafungua kisiwa hiki, ikaanzisha kiwanda na ikamweka Nakagawa Seibei, kijana aliyezamia Ulaya enzi ambazo kusafiri nje ilikuwa kosa la kukatwa kichwa, akajifunza kutengeneza bia Ujerumani. Ile nyota kwenye kopo la Sapporo ilikuwa alama ya ile ofisi ya serikali iliyofungua kisiwa, nyota ya kaskazini. Mwisho wa kuzunguka unaonja tatu, na mi nimekufa kwa Classic, inauzwa Hokkaido tu tangu 1985, laini, uchungu wake unakuja nyuma bila fujo.

Pembeni ni jingisukan, nyama ya kondoo kwenye chuma kilichotuna katikati, kipande cha mafuta kinawekwa kileleni kinayeyuka kinateremka, nyama inaiva mgongoni na vitunguu na chipukizi za maharage zinanyonya mchuzi wote pembeni chini. Wanakupa aproni na mfuko wa kuficha nguo zako zisinuke. Nyama na bia hii, hapa sikuhitaji mkalimani.

Jioni bustani ya Odori. Kila kiangazi wanaigeuza sehemu yake kubwa kuwa baa ya wazi, kila kampuni na kipande chake, Suntory, Asahi, Kirin, Sapporo wamepangana, maelfu ya watu kwenye meza ndefu, na kuna bia inaletwa kwenye mnara wa plastiki wa malita kadhaa wenye bomba chini. Mi nilikaa kwa Sapporo peke yangu na chupa, nikisubiri nione. Haikuchukua muda, mama mmoja wa meza ileile, yuko na mume na binti zao wakubwa, alinyoosha mkono akaichukua chupa yangu akanijazia, nikainua glasi mikono miwili, kisha nikaichukua ya kwao nikamjazia yeye na mzee wake, nembo juu. Binti akauliza natoka wapi, nikasema Tanzania, mzee akasema Kilimanjaro kwa sauti kubwa meza nzima ikageuka, na nikamwambia ni bia pia hiyo. Hakuamini mpaka nilipomwonyesha picha.

Jumatano, uwanja wa ndege wa Shin-Chitose

Kwa ndege za ndani huku wanakuruhusu kupita na vimiminika, kwahiyo nina Classic sita za kaka mkononi. Ameshatuma meseji nisiweke kwenye friji la ofisini kwao hata kwa dakika tano.